Moyo Mmoja kwa Kazi Moja



Yako maneno tunayoyasikia mara kwa mara huku kwetu Tarime, na wayasemao aghalabu hawana nia mbaya: ya kwamba kijana wa Kiislamu ni mzito kuajiriwa dukani au katika karakana, kwa kuwa Sala zake humkatizakatiza kazi. Waislamu wa wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, ni wachache miongoni mwa jirani zao, na waajiri wengi si watu wa dini yetu. Neno kama hili likiachwa likazoeleka, vijana wetu watafungiwa mlango wa riziki. Kwa hivyo tumeona yafaa tulitazame kwa haki, tusije tukamlaumu mwajiri kwa kosa lililo letu, wala tusije tukaitwika Sala mzigo wa jambo jingine.

Si zamani sana, mwenye duka mmoja wa Sirari, auzaye saruji, mabati, misumari na rangi, alituletea malalamiko juu ya kijana aliyesoma katika madrasa yetu. Kwa msomaji wa mbali, Sirari ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya pili ni Isebania ya Kenya, na dukani huingia shilingi za nchi mbili kwa siku moja. Mtu anayehesabu chenji pale hana budi awe macho. Bwana huyu ni Mkurya na ni Mkristo, tena muungwana. Alitwambia:

"Mwalimu, mtoto wako ni mwaminifu, haniibii hata senti. Lakini amempa mteja wa Nyamwaga mabati ya geji 30, na yule alilipia geji 28. Mteja amekodi gari kuyarudisha. Juzi tena amechanganya pesa ya Kenya na ya kwetu, nikapata hasara. Nikiuliza, naambiwa alikuwa anawahi kusali. Mwisho wa mwezi nitamwondoa."

(Kwa wasiojua, bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na bei yake si moja. Mteja alikuwa na haki ya kukasirika.)

Hatukumjibu palepale. Tulimwomba ruhusa tukae dukani mwake siku moja, naye akatupa kiti nyuma ya meza, kando ya makopo ya rangi. Mkononi tulikuwa na tasbihi. Tukaazimia kwamba kila kijana atakapoitazama simu yake pasipo haja ya kazi, tusogeze punje moja. Yeye alidhani twaleta uradi, na wateja kadhalika; mmoja alituomba dua. Duka lilifunguliwa saa 2 asubuhi. Kabla ya kuadhiniwa Adhuhuri, punje 33 za fungu la kwanza zilikwisha, tukaingia fungu la pili, humo tukafika punje ya 19.

Tulimwona akimpimia mama mmoja misumari ya inchi 3. Simu ikatikisika mfukoni, akaitoa, akacheka peke yake, akairudisha, kisha akamwuliza yule mama alisema kilo ngapi. Mama akamwambia. Akaanza kupima misumari ya inchi 4. Mama akamkumbusha tena, kwa upole, maana alimjua mamaye. Ilipofika Adhuhuri alitawadha, akaenda msikitini, akasali na jamaa, akarudi. Saa ya ukutani ilionyesha dakika 18. Alasiri ilichukua dakika 17.

Na tuseme kweli yote. Mwenye duka naye alimwita kijana yule mara nyingi hali yu katikati ya kuhesabu pesa: mara amletee chai, mara amtafutie kalamu, mara amsomee ujumbe ulioandikwa kwa herufi ndogo. Simu yake mwenyewe ililia kutwa.

Jioni, wateja walipopungua, tulimweka mbele yake hesabu ile. Sala mbili, dakika 35. Simu, mara 52, na hizo za kabla ya Adhuhuri peke yake. Tulimkumbusha pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi mapumziko yasiyopungua dakika 60 akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Adhuhuri yaweza kukaa ndani ya mapumziko hayo, na ziada ikabakia ya kula. Yule bwana alicheka, akasema, "Basi Mwalimu, mimi nilikuwa namshitaki Mungu wenu bure."

Kijana yeye hakucheka. Alisema, "Ustadh, ni sekunde tu. Naangalia ujumbe, narudi." Tukamwambia: mwanangu, jicho ndilo linalorudi kwa sekunde, moyo huja nyuma kwa miguu. Ulipomaliza kucheka kile kichekesho mkono wako ulikuwa umekwisha fika kwenye mizani, lakini moyo ulikuwa bado njiani, na katika mwanya huo ndimo misumari ya inchi 3 ilimogeuka kuwa ya inchi 4.

Kisha tukamsomea jambo ambalo twalitaka kila kijana aliyeajiriwa alijue. Mafakihi wa madhhabu yetu ya Shafii wameeleza kwamba mtu aliyeajiriwa kwa muda maalumu, wakati wake ni wa aliyemwajiri, illa wakati wa tohara na wa Sala za fardhi pamoja na sunna zake za ratiba. Huo umetolewa ndani ya mkataba, wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Angalia basi jinsi mipaka ilivyowekwa. Dakika 35 za Sala ni haki yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Mara 52 za simu hazimo katika kilichotolewa. Kijana anayesema "nilikuwa nawahi kusali", na ilhali kilichomharibia hesabu ni kichekesho cha simuni, ameikalifisha Sala deni lisilo lake, na mbele ya mtu asiyeijua dini yetu ila kwa kutuona sisi.

Waliafikiana hivi: simu ya kijana ikae ndani ya droo tangu duka lifunguliwe mpaka Adhuhuri, aitoe akisha kusali na kula, na mwenye duka naye asimwite wakati mikono yake iko katika pesa au mizani. Mwisho wa mwezi ulipita, ukapita na mwingine. Kijana yungali dukani, na siku hizi ndiye anayetumwa kupokea mzigo wa saruji.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu tunaloliona dukani ndilo tunaloliona madrasani kila siku. Katika Suratul Ahzab, mwanzoni kabisa, Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba hakumwekea mtu yeyote nyoyo mbili kifuani mwake. Aya ile ilishuka kwa ajili ya mambo mengine, na wafasiri wameyataja: mume kumfananisha mkewe na mamaye, na mtoto wa kupanga kuitwa mwana wa kuzaliwa. Lakini ukweli wake ni mpana. Mtu ana mikono miwili na macho mawili, akadanganyika akadhani anao na moyo wa akiba.

Mwalimu wa Qur'ani huujua udanganyifu huu upesi kuliko watu wengine. Mtoto aliyehifadhi vizuri, ulimi wake waweza kwenda peke yake, na moyo ukawa uko mpirani. Ukimsikiliza hujui, sauti ni ileile na tajwidi ni ileile. Atajulikana atakapofika pale ambapo aya za sura moja zinafanana na za sura nyingine. Ataanza kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni katika Suratul Aaraf, na pasipo kujitambua atajikuta yumo katika Suratu Shuaraa, kwa kuwa maneno yakaribiana sana na njia panda ile haivukwi na ulimi bila ya moyo. Au mpe Suratu Rahman, ambamo aya moja yarudiwa mara 31. Mwenye moyo uliopo ajua yuko kwenye ya ngapi na nini kinafuata. Asiye nao hurudi nyuma, akazunguka humo kama mgeni gengeni Tarime siku ya soko. Bati la geji 30 na bati la geji 28 nayo ni aya za kufanana. Ukiyatazama juu juu ni mamoja.

Baadhi ya vijana hutuuliza: je, ikiwa moyo ni mmoja na wahitaji utulivu, kwa nini siku ikakatwa kwa Sala tano? Twawajibu wachukue saa wapime. Wilaya zetu ziko kusini ya ikweta kwa digrii moja na ushei tu, basi nyakati za Sala hazihamihami sana kwa mwaka mzima. Alfajiri huingia kama saa 11 na nusu, Adhuhuri karibu na saa 7 kasorobo mchana, Alasiri kama saa 10, Magharibi karibu na saa 1 kasorobo, na Isha kabla ya saa 2 usiku. Sasa hesabu nafasi zilizo baina yake. Toka Alfajiri mpaka Adhuhuri ni saa saba nzima, na ndani yake hakuna Sala ya fardhi hata moja. Halafu nafasi hupungua: saa tatu na ushei, kisha chini ya saa tatu, kisha saa moja na dakika chache. Yaani mtu anapokuwa na nguvu na akili imeamka, ameachiwa muda mrefu usiokatwa. Kadiri anavyochoka, ndivyo anavyoitwa mara kwa mara aweke mzigo chini. Hatujui msimamizi wa kazi ambaye angaliipanga siku vizuri zaidi.

Wakulima wa Kikurya, pamoja na wasiosali kabisa, huijua asubuhi. Msimu wa kulima ng'ombe hufungwa nira kungali giza, mtoto mmoja akitangulia kuwaongoza na mtu mzima akishika plau, na jua likianza kuchoma ng'ombe hufunguliwa. Mkulima anayeamka saa 3 amekwisha poteza siku, hata kama atakuwa shambani mpaka jioni. Wapokezi wa Hadithi, kina Abu Daud na Tirmidhi, wamesimulia kutoka kwa Sahaba Sakhr Al-Ghamidi kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaombea umati wake baraka katika mapema ya siku zao. Sakhr alikuwa mfanyabiashara. Aliichukua dua ile akaifanyia kazi: misafara yake aliituma mwanzo wa mchana, na mali yake ikaongezeka.

Lakini asubuhi huanzia usiku wa jana. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Abu Barza kwamba Mtume alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Wanazuoni wamevua humo mazungumzo ya elimu, ya kumkirimu mgeni, na ya mtu na mkewe. Hatuoni chini ya mlango upi kijana ataingiza kutazama picha za watu wasiomjua mpaka saa 7 za usiku, kisha asubuhi alalamike kwamba kazi haina baraka.

Sasa huenda msomaji akasema: simu nitaiweka drooni, lakini watu je? Watu huja. Fundi cherehani wa Mugumu hawezi kufunga mlango wake. Rafiki ataingia, atakaa juu ya benchi, ataanza habari za ng'ombe walioibwa, na haondoki. Kwa shida hii dawa yake ni ya zamani. Imamu Ibnul Jauzi, aliyefariki Baghdad mwaka 597 Hijria, ameeleza katika kitabu chake Saidul Khatir jinsi alivyosumbuliwa na wageni wa porojo. Akiwafukuza, atavunja mapenzi. Akiwakubali, wakati utapotea. Basi akaweka akiba kazi zisizohitaji fikira, kama kukata karatasi, kuchonga kalamu na kufunga madaftari, akazifanya wakati wageni wamo ndani. Mgeni aliona amekaribishwa, na kesho yake Imamu hakuwa na kalamu ya kuchonga.

Tulimpa fundi mmoja habari hii akaishika mara moja. Kukata kitambaa hukufanya asubuhi peke yake, kwani mkasi ukipotoka hapana tena kurudi. Vifungo, pindo na pasi huviweka kwa ajili ya wenye habari za ng'ombe. Kina mama nao wanazo kazi za namna hii, kama kuchambua mchele au kutoa maharage maganda, ambazo zavumilia mazungumzo. Na wanazo nyingine zisizovumilia, kama kuhesabu pesa za kikundi cha kuweka na kukopa.

Wapo wa wilaya ya Serengeti ambao kazi yao yenyewe ni kutazama. Madereva wa watalii huwapeleka wageni mpaka Kogatende, kaskazini ya Hifadhi, kati ya Julai na Oktoba, kuwaangalia nyumbu wakivuka mto Mara. Nyumbu wakusanyika ukingoni, wakarudi nyuma, wakakusanyika tena, saa mbili, saa tatu. Kisha mmoja hujitupa na wote wakafuata. Dereva asiyeweza kukaa macho yake juu ya ukingo huwakosesha wageni kitu walichovuka bahari kukiona.

Tusifahamiwe vibaya. Kushika kazi moja kwa moyo mmoja si kuwa na moyo wa jiwe. Mtume mwenyewe (S.A.W.), kama ilivyothibiti katika Sahihi, alikuwa akiingia katika Sala na nia ya kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha kwa kumhurumia mamaye. Na iko kazi gani inayotaka moyo uliotulia kuliko Sala? Mtoto analia, jirani mgonjwa, mgeni wa mbali: hivyo vina haki ya kutukatiza. Shida ni kwamba tumeviruhusu visivyo na haki vitukatize, mpaka mtoto anapolia kweli tunamkemea kwa kuwa tumekwisha choka.

Imamu Ghazali katika Bidayatul Hidaya amemtaka mtu asiziache saa zake ovyo, bali aipangie kila saa shughuli yake. Wengi wakisikia hivi huandika ratiba ya mambo ishirini na kuiacha siku ya tatu. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni chache. Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982, alikuwa mwalimu, kisha Kadhi wa Zanzibar, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Qur'ani Takatifu kwa Kiswahili ilitoka nzima mwaka 1969, kwa mkono wa Islamic Foundation ya Nairobi, baada ya miaka mingi ya kuandikwa na kutolewa kidogo kidogo. Mtu mwenye wanafunzi na mahakama hapati mwaka mmoja mtupu wa kuandika kitabu kama kile.

Limebaki la wazazi, na hili twalisema kwa masikitiko kidogo. Baba hutujia akasema mwanawe hashiki somo, ni mzito. Tukimwuliza mtoto faraghani asoma wakati gani nyumbani, hutwambia asoma baada ya Magharibi. Je, akisoma hutumwa? Hutumwa. Kwanza chumvi. Amerudi, amefungua juzuu yake, amerudia aya mara tatu. Aitwa alete kiberiti. Amerudi, ameanza upya. Aitwa aitafute chaji ya simu. Baba yu kitini, ameinamia simu yake, televisheni yazungumza na hapana amwangaliaye. Mtoto huyu si mzito hata kidogo. Amefunzwa na nyumba yake kwamba hapana kitu kinachostahili kumalizwa, na akikua atakwenda na somo hilo mpaka kwenye duka la watu.

Mwaka huu tuliwaita wazazi tukawaomba jambo dogo: muda ulio baina ya Magharibi na Isha, ambao huku kwetu ni saa moja na dakika chache, nyumba itulie, mtoto asitumwe, na simu ya baba iwekwe juu ya kabati pamoja na ya mama. Hawakukubali wote. Mmoja alisema biashara yake yategemea simu, nasi hatukumlazimisha. Waliokubali ni nyumba kumi na moja. Binti mmoja wa miaka tisa, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa haivuki Suratul Mulk, ameimaliza. Tulipomwuliza kwao sasa kukoje, alisema hutumwa dukani mara moja tu, Alasiri, na vitu vyote vimeandikwa kwenye karatasi.